Tope la Wamisri

Kila nikishuka kwenye mji mgeni na kunusa tope la mto, narudi Kisangani, darasani. Mwalimu alitufundisha kwamba Wamisri wa kale walikuwa watu wa shibe na utulivu kwa sababu Nile ilifurika kila mwaka, ikawaachia udongo mweusi. Jioni ile nilimwomba Mungu mto wetu nao ufurike, ili mama ashibe na apunguze hasira.

Haukupita muda, maji yakapanda na kubeba mboga zote za lengalenga alizopanda mama pale ukingoni. Nililia mpaka nikakosa pumzi.

"Bon, nyamaza, mutoto yangu," mama alinibembeleza, akamgeukia jirani. "Unaona? Huyu iko na roho muzuri. Analilia mboga yangu kuliko mimi!"

Nilificha uso kwenye kikwembe alichojifunga, naye akazidi kunisifu.