Pua Iliyozoea

Kila mwaka wanafunzi wapya walipoingia maabara yetu ya anatomia na kuanza kufuta machozi, mimi niliwacheka. Formalini, dawa tunayohifadhia maiti, huchoma macho na koo. "Mtazoea," nilikuwa nawaambia. "Mimi hata harufu yake siisikii tena." Feni za kutoa hewa zilipoharibika na walimu wenzangu wakalalamika, nilisema wamedekezwa.

Kisha Mama akaja kunitembelea kutoka Kenya. Jumapili nikawaalika watu wa ibada yetu ya Kiswahili waje kwangu, mtaa wa Glenwood, wamsalimie. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, kwa hiyo kabla ya kupika niliinusa nyama iliyokuwa kwenye friji. Nikaona haina neno. Nikaiunga kwa vitunguu na dania nyingi.

Jirani yangu Mkongo, mwenye saluni, alionja akashusha kijiko.

"Dada, hii nyama iko bien kweli? Iko na harufu."

"Iko sawa," nikamkata. "Ni viungo vya huku."

Mjuaji huyu, nikasema moyoni. Wengine nao wakashiba ghafla, wakabaki kuchezea wali. Mama peke yake aliendelea kula, polepole, akamaliza sahani na kuomba aongezewe mchuzi.

Wageni walipoondoka akatapika. Nilikuwa nimemshika mgongo bafuni nilipomuuliza kama alijua.

"Tangu ulipofunua sufuria. Sasa ningekuaibisha mbele ya watu wako?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alipopata nafuu alikata kitunguu, akaniwekea chini ya pua. Nikavuta pumzi. Macho yaliniwasha, lakini harufu hakuna. Akaleta siki, hivyo hivyo. Kumbe sikuwa nimezoea chochote. Pua ilikuwa imekufa, nami miaka yote hiyo naifanyia sherehe. Tangu asubuhi iliyofuata Mama ndiye aliyenusa maziwa kabla sijayatia kwenye chai, kama bado nanyonya.

Jumatatu hiyo msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, macho mekundu, aliniuliza itamchukua muda gani kuzoea. Wenzake wakageuka, wakingoja utani wangu. Nikawaambia wavue glavu, watoke wote nje, na hakuna kurudi mpaka feni zitengenezwe.

Kwenye nyasi walinusa mikono ya makoti yao, wakakunja nyuso. Mmoja akaninyooshea mkono wa koti lake ninuse. Nikanusa, na mimi nikakunja uso, wasije wakajua.