Shangazi Amekata Tena

"Shangazi, umekata tena?"

"Hata salamu hunipi? Nimekata, ndiyo. Si ulikuwa umemaliza?"

Fundi wa kompyuta alifumba macho, simu ikiwa sikioni. Alikuwa ndiyo kwanza ameona joto likipanda ndani ya friji ya chanjo, kwenye zahanati ya mbali anakofanya kazi shangazi yake muuguzi. Kabla hajawasha mashine ya akiba ya kupoza, kioo cha kompyuta yake kikawa cheusi.

Mtandao wa zahanati ile umezungushiwa ukuta: aliye ndani hutoka, aliye nje haingii. Ndiyo maana fundi alipanga mambo kinyume. Kompyuta ya ndani imwite yeye, iishike laini, naye aingie kwa njia hiyohiyo. Mkuu wa mtandao aliruhusu kwa sharti moja, kwamba laini ifunguliwe na mtu wa zahanati kwa mkono wake.

Akamweleza shangazi kwa lugha nyepesi: "Ni kama kompyuta yako inanipigia simu." Hapo ndipo alipojiponza. Shangazi ni mtu wa adabu zake, na simu haachi ikining'inia. Kila akiona kimya, anakata.

"Si uifanye ijifungue yenyewe?" alisema mwenzake wa meza ya pili. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," fundi alijibu bila kugeuka. Aliomba ruhusa mchana kweupe, hakuwa tayari kuichezea kisa amechoka.

"Shangazi, bonyeza kile kidude cheusi pembeni."

"Ngoja nivae miwani. Umekula lakini?"

"Shangazi, chanjo zinaharibika! Kesho akina mama wanaleta watoto!"

"Usinifokee. Mgongo huu ndio uliokubeba."

Fundi akasikia miwani ikitafutwa, droo ikifunguliwa, kiti kikiburutwa. Hatimaye kioo kikawaka. Joto la friji: nyuzi saba na nusu. Zikipita nane, shehena nzima ni ya kutupwa. Akawasha mashine ya akiba, akakodoa macho. Kipimo kiligoma, kikagoma, kisha kikaanza kushuka.

"Zimepona, shangazi. Sasa tafadhali, laini usii…"

"Alhamdulillahi! Haya mwanangu, kazi njema."

Kioo kikawa cheusi.

Mwenzake alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi alilaza paji la uso mezani. Kisha akapiga simu upya, safari hii akianza panapostahili.

"Shikamoo, shangazi."