Ndizi za Rafiki wa Siri

Kila Desemba, kabla ya kufunga shule, walimu wenzangu walikuwa wanacheza rafiki wa siri. Unaandika jina lako kwenye kikaratasi, unakitumbukiza kwenye kopo, kila mtu anaokota jina la mwenzie na kumwandalia zawadi ya Krismasi bila kujitambulisha. Siku ya kufunga, mpokeaji anafungua mbele ya wote na kukisia mara tatu nani kampa. Wenzangu wote ni Wakristo wa kutoka bara. Mimi ndiye Mwislamu pekee, mzaliwa wa hapa hapa Madimba, Mtwara, na miaka mitatu kopo lilinipita kama sipo. Iliniuma, nisiseme uongo.

Mwaka jana uvumilivu ukanishinda. "Jamani, nani kawaambia mimi sipendi zawadi?"

Mwalimu mkuu msaidizi, mama wa Bukoba aliyelishika kopo, akasema, "Mwalimu, haya mambo ya Krismasi. Hatukutaka kukusumbua."

"Nisumbueni!" Nikachana karatasi, nikaandika jina, nikatumbukiza. Nilipookota, lahaula! Jina lake yeye.

Nikasema moyoni, huyu atakisia mpaka achoke na hanipati. Siku zote analalamika kwamba tangu ahamie Mtwara hajala ndizi zilizopikwa kama za kwao. Nikapanda bodaboda hadi mjini, nikapata ndizi sokoni, na mke wa mfanyakazi mmoja wa bandarini, naye wa huko huko Bukoba, akanifundisha: maharage kwanza, ndizi juu, funika na jani la mgomba, moto mdogo. Asubuhi ya kufunga shule nikapika, nikajaza hotpoti, nikawahi kuiweka mezani kabla mtu hajafika.

Alipofunua, harufu ikamfika, akakaa chini. "Nani huyu kanipikia chakula cha mama yangu?"

Akamtaja mwalimu wa Karagwe. Siye. Akamtaja wa Kilimanjaro. Siye. Mimi natazama dirishani. Akaonja. Akasita, akaonja tena, kisha akaangua kicheko. "Ndizi zina nazi! Kwetu nani anatia nazi?"

Mtume! Tui nilikuwa nimelimimina bila hata kufikiri. Mkono umezoea, nyumbani kwetu sufuria isiyo na nazi ni ya mgonjwa. Akaninyooshea kijiko. "Ni wewe, mwalimu."

"Ni mimi!" Nikasimama wima.

Makofi yakalipuka. Wenzetu wakaifuata hotpoti na vijiko, naye akaikumbatia. "Acheni, hii yangu!" Halafu akanigeukia mbele ya wote. "Nilikukosea. Miaka yote hiyo sikuwahi hata kukuuliza."

"Basi mwakani niulize," nikamjibu.

Akacheka, akanivutia kiti ubavuni kwake. Nikapiga vigelegele mwenyewe, sikusubiri wa kunipigia.