Gari Lililonyamazishwa

Lile gari nililisifia kila mahali kwa ukimya wake. Kaka yangu aliniuzia alipopata jingine, na nilipomuuliza kama lina ugonjwa wowote alicheka. "Mdogo wangu, nikuuzie wewe gari bovu?" Jibu hilo likanitosha. Nani anakagua gari la kaka yake?

Nikawa dereva wa mama. Milima ya Kibakwe tuliipanda na kuishuka naye, kumleta kliniki Dodoma mjini na kumrudisha. Sikukuu iliyopita, tukisafiri wote kwenda Kibakwe, kaka mwenyewe alimfunga mama mkanda kiti cha mbele. Yeye na wanawe, gari lake jipya likiwa gereji, walipanda basi, ingawa viti vyangu vya nyuma vilikuwa vitupu. Alisema watoto wanapenda basi.

Baada ya mvua, nyuma kushoto kukaanza kugonga kila nikipita kwenye tuta. Fundi wangu wa Kizota alipanda bampa akarukaruka, akasikiliza, akabadilisha bushi za shokapu. Nikaondoka, nikarudi na mlio uleule. Nikamwambia wazi kwamba anabahatisha tu na gari langu. Alilinyanyua kwa jeki, akaingia chini na mtaimbo, akaisukuma springi kwa nguvu.

"Dada, njoo uone."

Chuma kinachoishikilia springi kwenye chesisi kilikuwa kimepasuka, kimebaki kushika upande mmoja tu. Kwenye ufa kulishindiliwa kitambaa, na juu yake rangi nyeusi.

"Hapa pamezibwa pasilie," alisema. "Kikikatika kwenye mteremko, usukani haukusikii tena."

Akakichomoa kitambaa atupe. Nikamzuia. Chini ya grisi niliona njano na maua ya zambarau, sare ya ndugu zangu kwenye harusi yangu. Baba alishafariki wakati ule, na shati la kitambaa kile alishonewa mwanaume mmoja tu, kaka yangu.

Mungu anaona, nilijitahidi kumtetea. Labda shati lilichakaa likawa la kufutia vioo, fundi wake akaliokota. Nikampigia palepale, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwamkia shikamoo.

"Ulijua springi imeshikiliwa na chuma kilichopasuka?"

"Si lilikuwa limeacha kugonga?" Kisha akasema nakuza mambo, fundi wake alimhakikishia lingedumu.

Nilikata simu. Fundi akanisogezea kigoda. Kuniuzia mimi ubovu ningeweza kulia nikanyamaza, maana ndugu hukosana. Lakini ile safari ya sikukuu haikuniachia.

Binti yake mdogo alilia sana asubuhi ile. Alining'ang'ania gauni, anataka kupanda na shangazi na bibi. Kaka alimbandua vidole kimoja kimoja, akafunga mlango wa mama, akambeba hadi kwenye basi.