Nyanya za Tope, Nakuru

Mimi sikusoma. Nilitoka darasa la pili, na nyumba za mawe nilizojenga baadaye hazijawahi kuniuliza cheti. Kumchunguza mtu nilijifunzia kwenye maji machafu ya mji wa Nakuru, miaka ya hamsini.

Uchafu wa vyoo vya kuvuta uliteremka kwa bomba mpaka kwetu karibu na ziwa. Maji yalichujwa kwenye mawe yakaenda zake. Tope lililobaki tulilitandaza juu ya mchanga likauke, kisha tukalikwangua kwa beleshi. Tulikuwa wawili, mimi na mtu aliyenizidi umri, aliyewahi kulima viazi kwa settla, mzungu mwenye shamba, kule Molo.

Basi asubuhi moja tukakuta miche ya nyanya imejaa kwenye tope kama imemwagwa.

Msimamizi wetu, mzungu, akaiangalia akawa mwekundu. "Nani amefanya shamba hapa? Mnataka kulisha watu mavi sokoni? Jumamosi nisipoambiwa, nyote nje."

Nje maana yake ni bila barua ya kazi, na wakati ule wa Hali ya Hatari, mtu bila barua alipakiwa lori kupelekwa kizuizini. Mke wangu alikuwa landhi, kwenye vyumba vya wafanyakazi, na mtoto wa wiki tatu.

Mimi sikupanda. Na tulikuwa wawili. Hesabu hiyo haihitaji shule.

"Wewe ndiye mtu wa mbegu," nikamwambia.

"Nililima viazi, bwana. Ama kwenu nyanya inachimbwa?"

Sikucheka. Siku tatu nilimfuata kwa macho. Ijumaa alipokwenda kunawa nikapekua koti lake, nikatoa nyanya mbivu. Nimekupata! Nikashika njia ya ofisi. Akanikuta katikati ya njia.

"Unapeleka chakula changu wapi?"

"Kwa mzungu. Ukajieleze."

Akaninyang'anya, akaila yote mbele yangu, mbegu zikimshuka kidevuni. "Haya. Kesho asubuhi zitakuwa kwa ndoo ya choo. Nenda uzikamate, uziulize nani alizipanda."

Hapo nikaelewa. Mbegu haifi tumboni. Hata kuku anajua. Lakini sisi wa landhi tulitumia ndoo, na ndoo zetu zilizikwa kwenye mashimo ng'ambo ya mji. Hazikufika kwa bomba hili hata siku moja.

Nikachota tope bichi mdomoni mwa bomba, nikaliosha kwenye chekeche la waya mbele ya msimamizi. Zikabaki mbegu, nyeupe nyeupe.

"Zimetoka wapi?" akauliza.

"Huko juu, Bwana. Kwenye nyumba za kuvuta maji."

Alizitazama. Nadhani alikuwa anakumbuka chakula chake. "Ng'oeni," akasema, akaenda. Jumamosi ilipita na hakuna aliyefukuzwa.

Tuking'oa, nikamwambia mwenzangu, "Tumepona, mzee."

"Wewe umepona. Mimi ulikuwa unanipeleka kwa mzungu."

"Ungekuwa na mtoto mchanga ungefanya vile vile."

"Ninao watano," akasema. "Na mimi pia nilijua tuko wawili, na sikupanda. Sikwenda ofisini."

Akahamia kitalu cha mwisho cha tope, akaendelea kung'oa. Nimejiuliza miaka mingi kama kweli hakwenda. Mwenzi wa kazi mwema kiasi hicho, mimi sijamwona kamwe. Mpaka leo sijamwamini, na msamaha sikumwomba.