Tembe la Yunisi na Wakwe Wenye Makoti

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Unyambwa, wenye bati na wasio na bati, kwamba Yunisi, mjane wa miaka sitini na nane, mkulima wa alizeti na mfugaji wa kuku, amepandishwa cheo kutoka kwenye tembe hadi kwenye nyumba ya kisasa. Kuanzia siku ya kukabidhiwa funguo, atafurahi. Hilo si ombi.

Cheo hicho alipewa na mwanawe Hosea, mfanyakazi wa Dodoma, aliyejenga kwa mapenzi makubwa na feni moja. Bati jekundu. Vigae vinavyoteleza. Madirisha ya vioo ambayo nusu hufunguka na nusu ni ya kutazamwa. Sofa za manyoya, na juu ya manyoya vitambaa, ili anayekaa aive pande zote. Mwezi wa kumi na moja, mvua ilipokuwa ikichungulia Singida na kuondoka, ikaacha fukuto tu, nyumba ile ingeweza kuoka mikate bila kuni.

Yunisi alilala humo siku mbili. Ya tatu akarudi kwenye tembe lake, hatua kumi na tano nyuma ya nyumba: kuta za udongo nene kama magunia, paa bapa la miti na udongo, sakafu anayoinyunyizia maji kila asubuhi. Humo alizaa watoto watano. Humo, saa nane mchana, mtu anaweza kujifunika khanga.

Hosea aliona aibu. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Utemini. Wakiona tembe watasema nini? Akamtuma Mughwai, fundi wa palepale kijijini, alibomoe. Mughwai akafika na sululu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakwenda kulima jua lote hili?"

"Nimetumwa na Hosea, mama. Kubomoa."

"Bomoa. Ila humo kuna kuku anaatamia."

Mughwai akachungulia, akaweka sululu chini. Singida unaweza kumhamisha mpangaji, mwenyekiti, hata kaburi. Kuku anayeatamia hahamishwi, atasusa mayai.

"Basi nitarudi vifaranga wakishatotolewa," akasema kwa heshima.

Aliporudi akamkuta kuku mwingine. Mara ya tatu walikuwa wawili. Yunisi alikuwa anawapanga zamu kama walinzi wa benki.

Hosea alipopata habari miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Akapiga simu. "Mama, wakwe wanakuja Jumamosi, na kifusi mbele ya wakwe ni aibu kuliko tembe. Lakini Jumatatu linavunjwa, na kuku wako humohumo!"

Safari hii hakuwa anatania. Yunisi alikaa kizingitini mpaka jua likazama, akiupapasa ukuta kama anayempapasa ng'ombe wa kuuzwa kesho.

Jumamosi saa saba mchana wakafika wakwe sita, wakiongozwa na baba wa binti, mzee Stefano. Wanaume wote makoti mazito, vifungo vyote. Na ukweni mtu havui koti. Heri azimie akiwa na adabu zake. Wakazama kwenye manyoya. Feni ikawapulizia moto. Wakasifu vigae.

"Kuna joto kidogo," Hosea akakiri.

"Wala!" akasema mzee Stefano, jasho likimdondoka kidevuni. "Pazuri kabisa. Naomba tu kuelekezwa chooni."

Hakurudi. Mdogo wake akatoka kumtafuta, naye akapotea. Shangazi wa binti, Dorkas, akabeba pochi yake na kuondoka bila hata kusingizia choo. Baada ya nusu saa Hosea alikuwa amebaki na feni.

Aliwakuta kwenye tembe. Makoti yalining'inia ukutani. Mzee Stefano amejilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, kikombe cha togwa kifuani, kuku wawili wakimkodolea macho. Dorkas alikuwa anakoroma.

"Hosea mwanangu," akasema mzee bila kuinuka, "nasikia hili linabomolewa Jumatatu."

"Ni kwamba, baba..."

"Nani kaamua? Maana binti yangu siwezi kumkabidhi kwa mtu wa akili hizo."

"Watu wanazusha tu, baba. Tunalikarabati."

"Nilijua," akasema mzee, akafumba macho.

Yunisi, aliyekuwa kwenye kigoda kando ya mtungi, akashusha pumzi ndefu, na mabega yaliyokuwa yamemkaa masikioni miezi mitatu yakashuka taratibu. Mughwai akapigiwa simu hapohapo: Jumatatu aje na udongo, sululu aiache kwake.

Hosea, ambaye tayari alikuwa ameanza kuamini kwamba wazo ni lake, akasimama mlangoni, akakohoa kidogo.

"Mama, leo umetufundisha wote. Hili si tembe tu. Ni urithi. Ni hekima ya mababu, ni sayansi ambayo wasomi..."

"Kule kuna joto," akasema Yunisi. "Na wewe toka mlangoni, unaziba upepo."