Muzuri ya Kwanza

Naendesha lori la shaba kutoka Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa. Foleni ya huko inaweza kunila wiki nzima, na wakati huo mama yangu yuko peke yake nyumbani, mtaa wa Kapata, na ugonjwa wake wa tension, yaani presha. Daktari alishasema wazi: akikosa vidonge, siku moja mshipa utapasuka kichwani.

Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha afya aliponiambia kuna programu ya simu inayoongea na wagonjwa, tena kwa Kiswahili, nilimwekea mama siku ileile. Kila asubuhi sauti ya kike ilimsalimu na kumuuliza ameamkaje. Akisema ana shida, ilimuuliza ni shida gani, vidonge vimebaki vingapi, na ikibidi ilimwita muuguzi. Akisema yuko salama, ilimkumbusha dawa na kumtakia siku njema. Jioni nilipata ujumbe: mama yuko salama. Nilijiona mjanja. Madereva wenzangu waliokuwa wakimaliza uniti za simu kuuliza hali za wazee wao niliwacheka.

Miezi miwili ikapita hivyo, salama juu ya salama.

Safari moja nilirudi nikamkuta miguu imevimba hata kandambili haziingii. Alishika ukuta ili ainuke. Boksi la dawa lilikuwa tupu, na aliniambia vidonge vilikwisha tangu wiki mbili zilizopita. Nilikasirika, na hasira yangu haina breki, heri hata lori. Nilimuuliza kwa nini alikuwa akiidanganya ile mashine.

"Mi sikudanganye, tata," akasema, akiniita baba kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Inaniuliza: mama, umeamuka je? Mi najibu muzuri. Mutu anakusalimia, utamutupia bugonjwa ku uso? Nangojea iniulize tena. Haiulizake tena."

Kwetu hata mtu anayebebwa kupelekwa hospitali, ukimsalimu atajibu muzuri. Hiyo ni adabu tu. Mgeni hukaa, hupewa maji, kisha huuliza tena, "Na mwili?" Hapo ndipo habari zenyewe hutoka. Nimelelewa hivyo na ninafanya hivyo kila siku, lakini kwa miezi miwili nilisoma muzuri ya kwanza nikaiamini. Aibu ilinishika.

Nilimpeleka kituoni kwa teksi. Muuguzi alimpima presha, akapima tena, hakututajia alichokiona, akaenda kumwita daktari. Mama alilazwa siku nne. Mshipa haukupasuka, alhamdulillahi, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito, na bukari, ugali wetu, sasa anasongewa na jirani.

Muuguzi aliwaeleza wenye programu, nao wakaongeza swali la pili baada ya salamu. Sisemi uongo, sasa inafanya kazi vizuri. Juzi ilimnasa na kizunguzungu, muuguzi akafika kabla ya saa sita mchana. Mimi nikadhani mambo yameisha.

Siku ya kuondoka tena, nikiwa nakagua matairi, mama alikuja akasimama karibu. Nilimuuliza kama mashine inamfaa. Akasema inamfaa, imejifunza adabu.

"Lakini tangu uniletee ile kitu," akasema, "weye haunipigiake tena."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayetaja bei ya unga. Nilijifanya naendelea na matairi.

Nilipofika kwenye foleni ya Kasumbalesa nilimpigia. Akajibu muzuri. Nikamwacha aniulize habari za njia, za wenzangu, za chakula, kisha nikamuuliza tena. Alianza na kichwa, akaja kwenye magoti, akaja kwenye mkono. Halafu akasema anaogopa kufa mimi nikiwa barabarani, na kwamba kila asubuhi hofu hiyo ndiyo humwamsha.

Nilimuuliza kama hilo ameiambia mashine. Akasema hapana, ile hakuizaa yeye.